Uzoefu wangu na kerezo dogo la CNC aina ya CK6132 katika karakana ya matengenezo

Karakana yetu iko Mwanza, na kazi inayotupatia riziki ni ile ile inayoziendesha karakana nyingi za Kanda ya Ziwa: shafti za mashine za kusaga na kukoboa, bushi za shaba, pini za malori na puli. Kerezo la CNC, yaani linaloongozwa na kompyuta, tulilolichagua ni la aina ya CK6132. Jina hilo si la kiwanda kimoja bali ni utaratibu wa Wachina wa kuziita mashine hizi, na tarakimu mbili za mwisho zinamaanisha kwamba kazi (kipande kinachokerezwa) yenye kipenyo cha hadi milimita 320 inaweza kuzunguka juu ya kitanda. Mnunuzi aangalie pia kipenyo kinachopita juu ya slaidi ya visu, ambacho kwa kawaida ni karibu nusu ya hicho, kwa sababu shafti ndefu yenye flanji pana itakwama hapo hata kama kitabu cha mashine kimeandika 320.

Kilichoamua uchaguzi wetu, hata hivyo, ni tundu la spindo, yaani mhimili unaoizungusha kazi. Wauzaji hupenda kuanza na kasi ya mizunguko na ukubwa wa skrini, lakini mwenye karakana ya matengenezo aanze na tundu. Shafti ya kinu inayokaa kwenye beringi namba 6308, yenye tundu la milimita 40, hukerezwa kutoka kwenye chuma cha duara cha milimita 45 au 50. Mashine za daraja hili huuzwa nyingine zikiwa na tundu la takriban milimita 40 na nyingine milimita 52, na katika bei tulizoletewa tofauti haikuwa kubwa. Ukinunua ile ya 40, chuma hakipiti ndani ya spindo, kwa hiyo kila kipande hukatwa kwanza kwa msumeno, hubanwa kwa sehemu fupi tu, na urefu wote uliobaki huning'inia nje ya chaki, yaani kibanio cha kazi, ukitetemeka mbele ya kisu. Ile ya 52 humeza chuma, ikaacha nje sehemu unayoikereza peke yake. Kwa kazi zetu hilo lina thamani kuliko kitu kingine chochote kilichoandikwa kwenye nukuu ya bei.

Tuliletewa pia pendekezo la mashine yenye kitanda cha mwinamo na turreti ya visu vingi. Ni mashine nzuri kweli: maranda ya chuma na maji ya kupozea huteremka yenyewe, na visu hubadilishwa haraka. Anayetengeneza fitingi ndogo kwa maelfu aichukue bila kusita. Sisi tulibaki na kitanda bapa chenye kishikio cha visu vinne na kichwa cha nyuma, kwa kuwa shafti ya kinu bila kuegemezwa upande wa pili haikerezeki kwa usahihi, na kwa kuwa fundi aliyekulia kwenye kerezo la kawaida husogea kwenye mashine hii bila woga.

Kuhusu kasi, hesabu ni rahisi na kila mnunuzi aifanye kabla ya kulipa: zidisha kasi ya ukataji kwa 1,000, kisha gawa kwa zao la 3.14 na kipenyo. Chuma cha kawaida cha milimita 40, kikikatwa kwa ncha ya kabaidi kwa mita 150 kwa dakika, kinahitaji mizunguko 1,200 hivi. Spindo yenye mizunguko 2,000 inatosha kabisa kwa shafti na bushi, na hakuna sababu ya kulipia mizunguko 6,000 isipokuwa kazi yako ni alumini na shaba nyembamba.

Umeme unahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Mashine yetu ina mota ya spindo ya kilowati 5.5 na imetengenezwa kwa volti 380 na hezi 50, hivyo inakubaliana na umeme wa njia tatu wa hapa nchini bila transfoma kubwa, tofauti na mashine zilizotengenezwa kwa soko la Marekani, ambako umeme ni wa hezi 60. Hata hivyo tuliweka kifaa kinachokata umeme pale njia moja inapopotea au volti zinaposhuka, na naona ni lazima, si hiari. Umeme ukikatika katikati ya kukata nyuzi za skrubu, ncha hubaki imezama ndani ya kazi. Ukirudi, kwanza ondoa kisu polepole kwa gurudumu la mkono upande wa kipenyo, ndipo urudishe mashine mahali pake pa kuanzia. Usikubali pia mota za stepa kwenye slaidi ili kupunguza gharama. Stepa ikizidiwa hupoteza hatua kimyakimya na kazi huharibika bila onyo, ilhali servo hupima mwendo wake yenyewe na kusimama kwa kengele.

Kidhibiti ni GSK 980, kinachotengenezwa Guangzhou, na amri zake zinafanana sana na za vidhibiti vya Fanuc, kampuni ya Japani: G71 kwa kupunguza chuma kingi, G70 kwa kumalizia, G76 kwa nyuzi. Kijana aliyesoma ukerezaji katika chuo cha ufundi cha VETA aliielewa haraka, maana alikwisha kujua kisu kinapaswa kufanya nini. Kilichobaki ni kukiandika. Vigezo vyote vya mashine tumevinakili kwenye flashi, kwa sababu mashine iliyopoteza kumbukumbu yake huku fundi wa kiwanda yuko ng'ambo ni hasara tupu.

Sasa usahihi, ambao ndio sababu ya kununua. Sehemu za shafti zinapokaa beringi za 6308 tunazikereza kwa kiwango cha k6, yaani kati ya milimita 40.002 na 40.018. Uwazi huo ni mikroni 16 tu, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Chuma cha milimita 40 kikiwa na joto la nyuzi 30 zaidi ya maikromita inayokipima, huwa kimetanuka kwa karibu mikroni 14, kiasi kinachokaribia kuumaliza uwazi wote. Kwa hiyo pitio la mwisho hufanywa shafti ikiwa imepoa, maji ya kupozea yakitiririka, na spindo ikiwa imezungushwa tupu kwa muda asubuhi ili joto lake litulie. Tukifuata hivyo, shafti ya kwanza na ya mwisho katika kundi hutoka ndani ya kipimo, na beringi huingia kwa kubanwa bila kupigwa nyundo. Hayo yote yanategemea pia usawazishaji wa kitanda: tulitumia pimamaji la mitambo linaloonyesha milimita 0.02 kwa mita, juu ya sakafu ya zege nene, kisha tukakereza chuma cha majaribio kisichoegemezwa na kukipima ncha zote mbili.

Yapo yasiyoniridhisha. Maji ya kupozea yalivuja kwenye kona ya kinga ya maranda hadi tulipoiziba wenyewe. Chaki ya taya tatu iliyokuja na mashine ilikuwa na mchezo, yaani kuyumba inapozunguka, uliozidi kiasi ninachokikubali, na kiwanda kilijibu taratibu mno. Tulinunua taya laini na kuzikereza humo humo kwenye mashine, na tangu hapo bushi zinakaa katikati vizuri. Pia chuma laini hutoa maranda marefu yanayojizungusha kwenye kazi, na dawa yake ni kuongeza mwendo wa kisu hadi kuzidi milimita 0.2 kwa mzunguko wakati wa kupunguza chuma, si kuyavuta kwa mkono.

Kwa shafti moja ya mteja anayesubiri mlangoni, kerezo letu la zamani bado ndilo linalotangulia. Oda ya shafti kumi zinazofanana ikiingia, kazi huenda kwenye CK6132. Anayefikiria kuinunua aombe kwa maandishi kipenyo cha tundu la spindo, aina ya mota za slaidi, na karatasi ya vipimo vya mchezo wa spindo ya mashine yenyewe atakayopelekewa, kabla ya kutuma malipo ya awali.