Viti vya mtindio wa ubongo vya Ngamiani: mbao safi, vipimo vya kubahatisha

Viti vya mbao vinavyochongwa Ngamiani, Tanga, kwa ajili ya watoto wenye mtindio wa ubongo havina mpinzani kwa uimara, almuradi fremu iwe ya mtiki, mti unaopandwa hapo jirani Longuza, Muheza. Cha MDF, yaani mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, kataa hata kama rangi inang'aa. Mkojo na uji hupenya kwenye maungio, kingo zikavimba na kufumuka. Kagua na skrubu: za kawaida huliwa na chumvi ya bahari, na siku ya kushusha ubao wa miguu hazifunguki. Dai za shaba au zisizoshika kutu.

Kasoro kubwa ni kina cha kiti. Mkalishe mtoto, pima kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, kisha toa sentimita 2 au 3. Mwenye 27 anataka kiti cha 24 au 25. Fundi humkatia 30 kwa hoja kwamba "atakua tu". Matokeo yake ukingo unamchoma vigimbi, mtoto anajisogeza mbele, makalio yanateleza, mgongo unapinda na kichwa kinaangukia nyuma. Akilishwa hivyo, uji unampalia, na lawama zote anabeba mpishi wa uji. Dawa ya kukua ni ubao wa mgongo unaohamishika, wenye matundu kila baada ya sentimita 2.

Kigingi cha katikati nacho huwekwa ndivyo sivyo. Kazi yake ni kutenganisha magoti, kwa hiyo kikae karibu na magoti. Kikiwa kinenani, kila mtoto anapokakamaa kinamwumiza. Anayezuia kuteleza ni mkanda: upite mwanzoni mwa mapaja, uvute chini na nyuma kwa nyuzi 45. Ukifungwa tumboni, mtoto hupenya chini yake na mkanda ukampanda kifuani. Trei iwe usawa wa viwiko, nyayo zikanyage ubao zote mbili.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa viti vya magurudumu, wa mwaka 2008, una hatua 8, kuanzia rufaa hadi ufuatiliaji. Mpangilio huohuo unafaa hapa, ila kwa fundi unapata moja tu, ya kutengeneza. Kumjaribisha mtoto, kumfundisha mlezi na kufuatilia havina mwenyewe, na kiti kizuri hugeuka meza ya kuwekea ndoo. Bora vipimo viandikwe na mtaalamu wa fiziotherapia kabla mbao hazijakatwa.

Baki ya malipo itolewe mtoto akishakaa dakika 20 hapohapo karakanani. Mvue nguo, tazama makalio, mgongo na nyuma ya magoti. Wekundu usiofutika baada ya nusu saa maana yake kiti kinabana. Kirudi kwenye randa siku hiyohiyo. Vipimo virudiwe kila miezi 6.