Jedwali la Excel mbele ya karani wa kahawa

Karani wa chama cha ushirika cha msingi, awe Kibosho, Uru au Marangu, hukutana na Excel kabla ya programu nyingine yoyote ya ofisi, lakini ni nadra kumkuta akitumia jedwali lake. Ninaposema jedwali sisemi ukurasa uliochorwa mistari na kupakwa rangi. Ninasema kile kinachotokea ukiweka kishale ndani ya takwimu zako, ukabonyeza Ctrl na T kwa pamoja, ukathibitisha kwamba mstari wa kwanza ni wa vichwa. Kuanzia hapo programu hulihesabu eneo lile kuwa kitu kimoja, na upangaji, uchujaji na hesabu zote hufuata mipaka yake. Kipengele hiki kimekuwamo kwa sura hiyo tangu toleo la 2007. Nimekitumia kwa rejesta za wanachama, mapokezi ya kahawa ya maganda (ambayo bado haijakobolewa) na mauzo ya mnadani hapa Moshi, na tathmini hii inakipima kwa kazi hizo, pembeni yake zikiwapo programu mbili za aina hiyohiyo, Google Sheets na LibreOffice Calc, ambazo karani anaweza kuzipata bila kuomba fedha kwa bodi ya chama.

Tuanze na upangaji, kwa kuwa hapo ndipo kahawa inapoiumbua programu iliyotengenezwa na watu wasioijua biashara yetu. Madaraja ya kahawa safi ya arabika, ile iliyokwisha kukobolewa, huandikwa AA, A, B, PB, C, E, F, AF, TT na mengine yaliyo chini ya hayo, na kwa mfuatano huo ndivyo mtu wa kahawa anavyotarajia kuyaona kwenye karatasi ya mauzo. Ukiagiza safu ya daraja ipangwe kutoka A hadi Z, Excel itaitanguliza A mbele ya AA, itaipandisha AF, ambayo ni daraja la punje nyepesi, ikae juu ya B, na PB itashuka hadi chini ya F. Karatasi itaonekana imepangwa vizuri kabisa, na mnunuzi ataishangaa. Dawa yake ni orodha maalumu: ndani ya mipangilio ya programu, kwenye sehemu ya mipangilio ya kina, pana mahali pa kuandika mfuatano wako mwenyewe, kisha kwenye dirisha la kupanga unaagiza safu hiyo ifuate orodha yako badala ya alfabeti. Orodha hubaki kwenye kompyuta ikasaidia mafaili mengine, na ikishatumika kupanga faili fulani huhifadhiwa pamoja na faili hilo, hivyo mhasibu atakayelipokea hatalazimika kuiandika upya. Kazi yenyewe inafanyika vizuri sana. Ninacholaumu ni mahali ilipofichwa, mwisho wa ukurasa mrefu wa mipangilio ambao mtu wa kawaida hana sababu ya kuufikia. Idadi ya ngazi za kupanga inaweza kufika 64, ingawa sijaona kazi ya kahawa inayohitaji zaidi ya nne, yaani msimu, chama, daraja na namba ya loti, lile fungu la kahawa linalouzwa pamoja.

Ubora mkubwa zaidi wa jedwali katika upangaji ni ule usioonekana. Nje ya jedwali mtu anaweza kuchagua safu ya majina peke yake na kuagiza ipangwe. Programu humuuliza kama ipanue eneo au iendelee na safu aliyoichagua, na akijibu kwa haraka kwamba iendelee, majina yatahama huku kilo zikibaki zilipokuwa. Kila mkulima atakuwa amepewa kahawa ya jirani yake, na hakuna rangi nyekundu wala tahadhari itakayojitokeza baadaye. Ndani ya jedwali, ukipanga kwa mshale wa kichwa cha safu, mstari mzima huhama pamoja. Hata hivyo upangaji, tofauti na uchujaji, haujui njia ya kurudi: ukishalifunga faili, mfuatano wa awali umepotea, isipokuwa kama una safu ya namba zinazofuata mfuatano wa kuingiza takwimu. Safu hiyo ningeifanya ya lazima katika kila rejesta, hata kama mwenyekiti anaiona haina kazi.

Tarehe zinastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndizo zinazoharibu rejesta nyingi na lawama huishia kwa programu. Kompyuta nyingi hufika zikiwa zimepangwa kusoma tarehe kwa mtindo wa Marekani, yaani mwezi kwanza. Karani anayeandika 05/08/2024 akimaanisha tarehe tano Agosti anaandikiwa tarehe nane Mei, na akiandika 13/08/2024 programu hushindwa kupata mwezi wa kumi na tatu, hivyo huyaacha yale kuwa maandishi tu, yakiegemea kushoto mwa kisanduku. Fikiria sasa mapokezi ya Agosti nzima, wakati mavuno yamepamba moto. Yale ya tarehe 1 hadi 12 hutawanyika mwaka mzima, kila mwezi ukapata siku moja, tarehe nane, na yale ya tarehe 13 na kuendelea hukaa chini ya jedwali likipangwa, kwa kuwa Excel hutanguliza namba na kufuatisha maandishi. Hapa ndipo kichujio kinapogeuka kuwa kipimo kizuri cha uchunguzi. Ukibofya mshale wa safu ya tarehe, tarehe halisi hukunjwa kwa mwaka na mwezi, na chini yake hujitokeza msururu wa tarehe zisizokunjika. Hizo ndizo zenye ugonjwa. Tiba ni kubadilisha mipangilio ya eneo kwenye Windows kabla ya msimu kuanza, si kuhangaika na rangi za jedwali.

Katika uchujaji, Excel iko juu ya wenzake wawili kwa wepesi. Mshale kwenye kila kichwa hufungua orodha ya thamani zote zilizomo, na orodha hiyo peke yake hufichua uzembe wa miaka: Massawe aliyeandikwa kwa s mbili na Masawe aliyeandikwa kwa s moja wanaonekana kama koo mbili, Lyimo na Limo vilevile. Kwenye kisanduku cha kutafutia unaweza kuandika Mas*awe, ile nyota ikisimama badala ya herufi yoyote au pasipokuwa na herufi, na wote wakatokea pamoja ili uwasahihishe. Herufi kubwa na ndogo huhesabiwa sawa, kwa hiyo URU na Uru haziwi vijiji viwili. Orodha ya mshale ina kikomo cha thamani 10,000 tofauti, kikomo ambacho chama kimoja hakitakigusa ila chama kikuu, kinachounganisha vyama vya msingi, chenye rejesta ya wanachama wote kinaweza kukigonga, na hapo utafutaji kwa kuandika ndio njia.

Jambo ninalolipima kwa ukali katika kichujio chochote ni kama kinakiri kwamba kimeficha kitu. Excel inakiri kwa sauti ya chini: namba za mistari zinageuka bluu, alama ya faneli inatokea kwenye kichwa cha safu iliyochujwa, na chini ya dirisha huandikwa mistari iliyopatikana ni mingapi kati ya mingapi. Kwa mtu anayejua kutazama, inatosha. Kwa katibu meneja anayeletewa karatasi iliyochapishwa, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoonekana, na anaweza kusaini jumla ya kijiji kimoja akidhani ni ya chama chote. Kinyume chake pia hutokea: aliyeandika SUM, kanuni ya kujumlisha, nje ya jedwali atachuja Uru na bado akapata jumla ya vijiji vyote, kwa kuwa SUM haijali kilichofichwa. Mstari wa jumla wa jedwali lenyewe hutumia SUBTOTAL yenye namba 109, inayohesabu kinachoonekana pekee, na hiyo ni sababu tosha ya kuacha kujumlisha kwa mazoea ya zamani.

Kasoro moja siwezi kuisamehe. Ukichuja jedwali kisha ukabandika juu yake orodha ndefu ya malipo uliyoinakili kwingine, Excel huijaza mistari iliyofichwa pamoja na inayoonekana, bila kuuliza. Malipo ya pili ya watu wa Kibosho yanaweza kutua kwa watu wa Marangu ambao hawapo kwenye kioo. Programu ya umri huu ingepaswa kusimama na kuuliza kwanza.

Kuna vilevile namba ambazo si namba. Simu iliyoandikwa kwa kuanzia na sifuri hupoteza sifuri yake. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, na Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba yoyote, zinazobaki zikageuzwa sifuri. Kwa kuwa tarakimu nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, kinachopotea ni sehemu ileile inayomtofautisha mtu na mwenzake. Safu hiyo lazima iwekwe kuwa ya maandishi kabla ya kuandika chochote, na hata hapo ukitafuta wanachama waliojirudia kwa COUNTIF, kanuni ya kuhesabu kitu kimetokea mara ngapi, utadanganywa, kwa sababu kanuni hiyo huisoma tena kama namba. Kupanga kwa safu hiyo na kuwatazama waliokaribiana kwa macho ni salama zaidi.

Safu za hesabu ni starehe. Bei ya mnadani hutajwa kwa dola za Marekani kwa kila kilo 50, ilhali gunia la kahawa safi lina kilo 60, na tofauti hiyo ndiyo inayowatoa jasho makarani wapya. Loti ya magunia 48 ina kilo 2,880, na tuseme bei ni dola 200, thamani yake ni dola 11,520. Anayezidisha magunia kwa bei moja kwa moja anapata 9,600, na tofauti ya dola 1,920 ni ya wakulima. Ndani ya jedwali unaandika kanuni hiyo kwenye mstari mmoja nayo hujijaza safu nzima, pamoja na kila loti itakayoongezwa chini. Kwa kuwa kanuni hutaja majina ya safu badala ya herufi na namba za visanduku, hata mkaguzi anaisoma akaielewa.

Kuhusu mapambo sina mengi. Rangi za kupishana mistari zinasaidia macho, vichwa hubaki juu unaposhuka chini, na vitufe vya kuchujia vinavyoweza kuwekwa pembeni mwa jedwali tangu toleo la 2013 vinawafaa wajumbe wa bodi wasiopenda mishale, kwani mjumbe hubonyeza jina la kijiji likaja.

Kampuni moja iliwahi kutuletea kwa majaribio mfumo wa mtandaoni wa kulipia kila mwezi, na ninauleta hapa kwa sababu ulinifundisha maswali ya kumuuliza muuzaji yeyote. Jedwali lake lilionyesha mistari 25 kwa ukurasa, likapendeza kweli. Lakini ulipobofya kichwa cha safu ya kilo ili uone aliyeleta nyingi kuliko wote, lilipanga ile mistari 25 tu, likakuletea kwa ujasiri mshindi wa ukurasa badala ya mshindi wa chama. Kichujio kilijifuta kila ulipofungua risiti ya mkulima na kurudi, na mpangilio wa safu uliohangaika nao asubuhi haukuwapo mchana. Kabla ya kusaini mkataba, mwambie muuzaji apange mbele yako, achuje, afungue kumbukumbu moja na arudi, kisha ahamishe kilichochujwa kwenda kwenye faili. Hatua hizo nne zinamaliza maneno mengi ya vipeperushi.

Google Sheets inaishinda Excel ya kawaida mahali pamoja, na ni mahali pakubwa. Watu wawili wakifungua faili moja, kichujio cha kawaida cha mmoja humfichia mwenzake mistari, jambo linaloleta kelele ofisini. Lakini humo mtu anaweza kuunda mwonekano wake wa kichujio, akaupa jina, akaendelea na kazi bila kumgusa mwingine. Anayeruhusiwa kutazama tu naye anaweza kuwa na mwonekano wa muda. Excel ya Microsoft 365, ile ya kulipia kwa muda, ina kitu kama hicho kwa mafaili yaliyohifadhiwa mtandaoni, ila aliyenunua toleo la kulipia mara moja asikitegemee. LibreOffice Calc haina gharama, ina vichujio vizuri na orodha maalumu za kupangia, na inabeba mistari 1,048,576 sawa na Excel, lakini vile vitufe vya pembeni havimo, hivyo faili linalosafiri kati ya programu hizi mbili hurudi likiwa limepungua.

Kwa ofisi yenye kompyuta moja na karani mmoja, ningelipia Excel ya mara moja, toleo la 2021 au la 2024, ambayo pia ina kanuni ya FILTER inayotoa nakala iliyochujwa kwenye ukurasa mwingine bila kuligusa jedwali mama. Chama chenye makarani katika vituo viwili vya kupokelea kahawa kiende Google Sheets, kikubali gharama ya bando. Na kwa kuwa kujihifadhi kwenyewe kwa Excel hufanya kazi kwa mafaili ya mtandaoni tu, anayechagua toleo la mara moja aweke kwenye bajeti hiyohiyo betri ya akiba ya kompyuta, maana umeme hukatika bila kungoja Ctrl na S.