Kifaa cha kutuliza paka: nimekitumia, haya ndiyo niliyoyaona

Mwanzoni mwa Februari nilichukua watoto wawili wa paka kwa shangazi, Kigamboni, nikawaleta kwangu Sinza. Walikuwa na wiki kumi, wameshaacha kunyonya. Siku moja kabla nilikuwa nimeshachomeka kile kifaa cha kutoa feromoni, yaani harufu za kutuliza paka. Laki moja na nusu, pamoja na kichupa cha mililita 48. Plagi yake ni ya pini mbili za mviringo, kwa hiyo tafuta adapta mapema. Muuzaji hakuniambia.

Wazo lenyewe nalikubali. Paka anaposugua shavu kwenye mguu wa meza huacha harufu ambayo sisi hatuisikii, na kwake maana yake ni "hapa ni kwangu, pana usalama". Kifaa hupasha moto mafuta yenye harufu kama hiyo, iliyotengenezwa maabara. Boksi linasema kinatosha mita za mraba 50 hadi 70, na kichupa kinakwenda siku 30. Sawa, lakini nadhani waliopiga hesabu hizo wanaishi na madirisha yaliyofungwa. Mimi na joto hili la Dar, nikifunga dirisha na kuzima feni tutakufa wote, mimi na paka.

Kwenye pantoni, honi ilipolia, yule mweusi alijikojolea ndani ya tenga. Kufika nyumbani nikafanya kosa: nikawafungulia nyumba nzima. Wakakimbilia jikoni, wakajibana nyuma ya mtungi wa gesi, masikio yamelala, macho meusi tii. Kifaa kinawaka pale sebuleni, wala habari nacho hawana. Hadi saa nne usiku hawajagusa chakula.

Nikampigia shangazi.

"Mwanangu, kile kipande cha khanga nilichokuwekea umekitoa?"

Kumbe ndicho alichokuwa akilalia mama yao. Mimi nilidhani ni cha kufutia tenga.

Nikawahamishia chumba kidogo cha stoo. Katoni nikailaza ubavu, khanga ndani, beseni la mchanga kona ya mbali, chakula kilekile cha shangazi: ugali laini na dagaa wa kusaga. Kile cha madukani nitawaanzishia kidogo kidogo baadaye, maana tumbo nalo halipendi kuhama. Kifaa nikakihamishia humo humo, dirisha nusu wazi. Nikatoka, sikuwashika wala kuwabembeleza.

Saa nane usiku nikasikia sahani ikilambwa.

Siku ya tatu yule mwenye mistari akatoka, akasugua shavu kwenye pembe ya katoni, akarudi ndani. Nilifurahi kama mjinga.

Sasa, ni kifaa au ni khanga? Siku ya tano umeme ulikatika kutwa nzima. Nikakaa kuwaangalia. Walicheza na kifuniko cha chupa, wakala, wakalala mmoja juu ya mwenzake, kama jana yake tu.

Nakipa nyota tatu kati ya tano. Hakina kelele, hakina harufu kwa binadamu, na mwenye chumba cha kiyoyozi kinachofungwa muda wote huenda akakifaidi kuliko mimi. Kichupa hiki kikiisha sinunui kingine. Khanga bado sijaifua, shangazi kanikataza.