Sindano na moksa kwa maumivu ya kiuno: uzoefu wangu Guangzhou

Ukifanya biashara ya nguo Guangzhou utabeba marobota upende usipende, na kiuno changu kilichoka mapema. Maumivu yalianzia kiunoni, yakashuka takoni mpaka kwenye kigimbi cha mguu wa kulia. Diklofenaki ilituliza kidogo, kisha ikaanza kunichoma tumbo. Ndipo jirani yangu wa Xiaobei, mtaa mmoja wa hapo Guangzhou, akanipeleka hospitali ya tiba ya jadi ya Kichina, wanakotibu kwa kuchoma sindano nyembamba zisizo na dawa (akyupancha) na kwa joto la majani yanayowashwa (moksa).

Daktari hakukimbilia sindano, na hilo lilinipa imani. Alininyanyua mguu nikiwa nimelala chali, akauliza habari za ganzi na mkojo, akataka nipige kwanza MRI, picha inayoonyesha ndani ya mwili. Diski, ile pedi laini iliyo kati ya pingili za uti wa mgongo, ilikuwa imetokeza na kugusa neva.

Sindano zenyewe zina unene wa robo milimita hivi; alizifungua kwenye pakiti mbele yangu, na zikitumika mara moja hutupwa. Kuchomwa hakuumi sana. Alipoizungusha ile ya takoni ndipo nikasikia uzito mzito unaoshuka hadi unyayoni. Wachina huita hali hiyo deqi, na daktari alikuwa akiniuliza kila mara kama imefika. Nyingine alichoma nyuma ya goti, penye Weizhong, mahali wanapopategemea tangu zamani kwa maumivu ya mgongo.

Lakini kwangu mimi moksa ndiyo iliyonikolea kwa utamu. Ni majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga, yaliyosagwa yakawa laini kama pamba, yakawashwa ndani ya kijisanduku cha mbao juu ya kiuno. Joto linazama taratibu, misuli iliyokakamaa inaachia. Moshi ni mwingi, mwenye pumu aseme mapema. Likizidi joto sema, usijikaze, maana watu huungua, hasa wenye kisukari ambao ngozi yao imekufa ganzi.

Baada ya wiki kadhaa niliweza kukaa kwenye basi na kuinama kufunga viatu. Sidai kwamba diski imerudi mahali pake. Sindano huamsha neva na mwili hutoa endofini, kemikali zake wenyewe zinazopunguza maumivu. Ila tafiti nyingi zimeona kwamba sindano za kuigiza, yaani zisizochomwa kwa kweli au zinazochomwa pasipo mahali pake, nazo husaidia, karibu sawa na za kweli. Hata hivyo, mwaka 2017 Chuo cha Madaktari wa Marekani (ACP), ambacho ni chama cha madaktari, kiliitaja tiba ya sindano miongoni mwa zile za kuanzia kwa maumivu sugu ya kiuno, kabla ya vidonge. Mimi ningeilipia tena.

Ila mguu ukikosa nguvu ghafla, au mkojo ukakushinda kuuzuia, usitafute sindano. Kimbilia hospitali siku hiyohiyo.