Nesi aliita "kitanda cha tisa", mama yangu akaitika abee

Hospitali sitaitaja. Ni ya serikali, iko hapa hapa Dar, inatosha. Hasira bado ninayo, kwa hiyo mnisamehe nikirudia rudia.

Mama alikuja kutoka Rufiji ana homa, nikadhani ni uchovu wa safari. Usiku wa pili akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka, tukamkimbiza kwa bajaji. Vipimo vikasema malaria kali, akalazwa. Foleni ya mapokezi na dirisha la dawa mnavijua, sina haja ya kuvisimulia. Hata kulala mzungu wa nne na mgonjwa mwingine kwenye kitanda kimoja nilikubali. Wodi imejaa, watu waende wapi?

Kesho yake, nadhani ilikuwa Jumanne, nikaenda jioni na uji. Yule mama mwenzake alikuwa ameenda chooni. Nesi akaingia na sinia la sindano, akasoma karatasi yake, akaita: "Kitanda cha tisa!"

Mama akaitika, "Abee."

Angefanyaje? Ndivyo alivyolelewa, ukiitwa unaitika. Tena alikuwa anasubiri sindano kweli, maana artesunate, sindano ya malaria kali, ukishachomwa ya kwanza, unachomwa nyingine baada ya saa 12, na nyingine ikifika saa 24, na hiyo ya mwisho ilikuwa bado. Akapandisha mkono wa gauni mwenyewe. Nesi akampaka spiriti, akasema, "Sukari yako leo imepanda sana mama, umekula nini?"

Nikasema, "Nesi, mama hana sukari."

"Kaka, nesi ni mimi au wewe?"

Nikaweka kiganja changu juu ya mkono wa mama. Sijui ningeishia wapi kama yule mwenzake asingetokea mlangoni wakati ule, anajikongoja: "Nesi, mwenye sukari si mimi?" Nesi akazunguka upande wa pili wa kitanda, akamchoma yule, akaondoka. Hakusema pole. Hakufungua hata faili.

Mdogo wangu anasoma uuguzi. Nilipompigia alinyamaza kwanza. Kisha akaniambia malaria kali yenyewe huweza kushusha sukari. Ukiongeza insulini, ile sindano ya kushusha sukari, juu yake, kwa mtu aliyekunywa vijiko viwili vya uji tangu asubuhi, ni jasho, kutetemeka, kuzirai, na asipowahiwa anakufa. Na nani angemuwahi? Mgonjwa wa malaria akizirai usiku, asubuhi unaambiwa malaria ilimpanda kichwani. Tungezika, tungesema kazi ya Mungu, na hakuna ambaye angejua. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Nikaenda kwa mkuu wa wodi, kwa adabu kabisa, shikamoo yake nikampa. Akanisikiliza huku anaandika vitu vyake. Akauliza, "Amechomwa?" Nikasema hapana. "Sasa kama hajachomwa, unataka niandike nini?"

Hicho ndicho kilichonichoma mimi. Nesi kukosea naweza kuelewa. Lakini kosa lililokosa kuua leo ndilo litakaloua wiki ijayo, na wenyewe hawataki kuliandika kwa sababu safari hii hakuna maiti! Kitanda cha tisa kina watu wawili. Cha kumi kina wawili. Namba ya kitanda inamtambulisha nani hapo?

Mimi ni wakala wa miamala Kariakoo. Mtu akija kutuma elfu tano, jina linatokea kwenye simu, namsomea, anakubali, ndipo naweka namba ya siri. Pale pale hospitalini, namba ya malipo ya tarakimu 12 yule wa dirishani aliirudia mara mbili tusikosee hela ya serikali. Mama hakuulizwa jina hata mara moja. Na si jambo geni, mdogo wangu anasema Shirika la Afya Duniani lililiweka kwenye mambo yake tisa ya usalama wa mgonjwa tangu 2007: muulize angalau vitu viwili, kama jina lake na tarehe ya kuzaliwa, ajitaje mwenyewe, na namba ya chumba isitumike. Kuuliza jina kunahitaji bajeti gani?

Nilikuwa nataka kuwaambia msimpeleke mtu pale. Siwezi. Mama alipona, na dawa alizipata pale pale. Na yule yule nesi, usiku ule nilipoomba kubaki, nilimwona peke yake kwenye wodi nzima, anakimbia kitanda hadi kitanda, saa tisa ya usiku anambadilishia mama shuka lililolowa jasho bila kuombwa. Nilimshukuru kwa moyo wote. Basi mpelekeni, lakini msimwache peke yake, na kila sindano ulizeni ni ya nani na ni ya nini, hata mkijibiwa vibaya. Mimi nimejibiwa vibaya na mama yangu yuko hai.

Tulipofika nyumbani nikamwambia, mama, siku nyingine nesi akiita kitanda usiitike, subiri akutaje jina. Akaniangalia kwa mshangao.

"Mwanangu, mtu ananiita, nimnyamazie?"