Tamthilia za riwaya za kale za Waingereza: uzoefu wangu, na kwa nini uanze na ya kiwanda cha pamba

Wengi wakisikia tamthilia ya Kiingereza ya karne ya 19 wanawaza mabinti wenye magauni marefu wakinywa chai na kuulizana kuhusu mvua, wanabonyeza rimoti na kuhamia chaneli nyingine. Watu hao hao wamekesha na masultani wa Kituruki walioingiziwa sauti za Kiswahili, na wanamjua kila suria, watoto wake na aliyemtilia sumu. Kama uliweza kufuatilia fitina za ikulu ya Istanbul msimu baada ya msimu, hizi za Waingereza hazitakushinda. Fitina ni zile zile, ila zinasemwa kwa sauti ya chini na kisu kinaingia taratibu.

Nimezitazama kwa miaka mingi, za BBC na za sinema, na msimamo wangu ni huu: riwaya ya kale ukitaka kuiona kwenye kioo, chukua tamthilia ya episodi, uachane na filamu ya saa mbili, isipokuwa moja nitakayoitaja huko mbele. Na kama hujawahi kabisa kuonja, anza na North & South ya mwaka 2004.

Onyo kabla hujamaliza bando. Ukiandika jina hilo kwenye sehemu ya kutafutia, utaletewa pia tamthilia ya Kimarekani ya 1985 aliyocheza Patrick Swayze, ya miaka ya kuelekea vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Siyo hiyo. Ninayoisema mimi ni ya BBC, episodi nne tu za karibu saa moja moja, wamo Daniela Denby-Ashe na Richard Armitage. Imetokana na riwaya ya Elizabeth Gaskell iliyotoka kwa mfululizo kati ya 1854 na 1855, kwenye jarida lililohaririwa na Charles Dickens.

Margaret Hale ni binti wa mchungaji wa kijiji cha kusini, kijani kitupu, waridi mpaka mlangoni. Baba yake dhamiri inamsuta, anaacha kazi ya kanisa, anaihamisha familia mpaka Milton, mji wa viwanda kaskazini. Mji huo haupo kwenye ramani, lakini ni Manchester mtupu, na Gaskell aliufahamu kwa sababu aliishi huko na mumewe alikuwa mhubiri huko huko. Mzee Hale anaanza kufundisha watu wazima ili mkono uende kinywani. Mmoja wa wanafunzi wake ni John Thornton, mwenye kiwanda cha pamba, mtu aliyeanzia chini kabisa na asiyetaka mtu yeyote asahau hivyo.

Sasa nikueleze tukio lililoninasa. Margaret anasukuma mlango wa kiwanda, na kwa sekunde kadhaa hujui unaangalia nini. Hewa nzima imejaa vinyoya vyeupe vinavyoelea, vinatua kwenye nywele za wafanyakazi, kwenye mabega, juu ya mashine zilizopangwa safu kwa safu mpaka macho yanapoishia. Kelele za mashine zinameza kila kitu. Juu, kwenye jukwaa, amesimama mwanamume aliyevaa nyeusi, anawatazama watu wake. Ni pazuri, huwezi kukataa. Halafu mwanamume yule anamwona mfanyakazi akivuta tumbaku, anashuka, anamfukuza, anamkamata na kumpiga mpaka chini. Margaret anapiga ukelele, naye anafokewa atoke.

Tukio hilo kwenye kitabu halimo. Katika riwaya wanakutana chumbani hotelini, wote wawili wakiwa na staha zao. Kuna wasomaji wanaokasirikia mabadiliko haya, mimi siyo mmoja wao. Baadaye Thornton anaeleza kwamba cheche moja mle ndani ingeteketeza mamia ya watu, na wewe uliyekwisha mchukia unajikuta hujui umweke wapi. Hapo ndipo tamthilia inapoanza kufanya kazi yake.

Na vile vinyoya vizuri ndivyo vinavyoua. Bessy Higgins, msichana wa umri wa Margaret, amevivuta tangu utotoni na kifua chake kimekwisha. Kwenye riwaya Bessy anasimulia jambo ambalo sijalisahau: kuna gurudumu la kufyonza vumbi ambalo tajiri angeweza kulifunga, lakini ni ghali na haliingizi faida, na wapo wafanyakazi wasiolitaka kwa sababu walizoea kumeza vinyoya hivyo, wakivikosa njaa inawauma zaidi na mshahara ni ule ule. Soma tena sentensi hiyo kisha uniambie kama hizi ni hadithi za chai.

Kwetu watu wa pwani, kiwanda kile kina undugu na sisi. Miaka hiyo hiyo kitambaa kilichotamba Unguja na kubebwa na misafara hadi bara kilikuwa merikani, kutoka viwanda vya Marekani, kikiletwa na wafanyabiashara wa Salem, bandari ya huko huko Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipoibana pamba ya huko, nguo za Waingereza na za Wahindi zikapata mwanya. Baadaye kanga za bibi zetu nyingi zilichapwa Ulaya, Manchester ikiwemo. Kwa hiyo ukiwaona akina Thornton wakipiga hesabu za bei mezani, hesabu hizo ziliishia kwenye maduka ya kwetu pia. Lawama yangu kubwa kwa tamthilia hii inatoka hapo hapo: mgomo umeonyeshwa vizuri, njaa ya wagomaji imeonyeshwa, vibarua walioletwa kutoka Ireland kuuvunja mgomo wameonyeshwa, lakini aliyeichuma pamba yenyewe hatajwi. Sehemu kubwa ya pamba iliyosokotwa Uingereza wakati huo ilichumwa na watumwa kusini mwa Marekani. Episodi nne, na suala hilo halikupata nafasi hata kidogo.

Anayeniteka kuliko hata wapendanao ni mama yake Thornton, anayechezwa na Sinéad Cusack. Nguo nyeusi, mgongo haugusi kiti. Anamchukia Margaret kwa kudhani anamnyemelea mwanawe. Mwana anapoposa na kukataliwa, anamchukia maradufu: huyu ni nani wa kumkataa mwanangu? Mama mkwe wa namna hiyo sina haja ya kumweleza msomaji wa Kiswahili. Filamu ya saa mbili ingempa sura mbili za kununa na basi. Hapa anapata muda wa kutosha mpaka unamwonea huruma usiku ule anapokaa akingoja habari za mwanawe, akiamini amekwisha mpoteza.

Mwisho wake umebadilishwa pia. Treni mbili zinasimama kituo kimoja, moja yaenda kusini, nyingine kaskazini, na mambo yanamalizikia pale kwenye benchi la stesheni. Kwenye kitabu yanaishia ndani ya nyumba London. Mwanamume wa hadhi ya Thornton kuonekana hadharani kola wazi, bila kitambaa cha shingoni, na kumbusu mwanamke asiye mkewe mbele ya abiria? Haiwezekani hata kidogo kwa miaka ile. Nimeitazama mara nyingi na sina malalamiko.

Baada ya hapo nenda Pride and Prejudice, na chukua ile ya BBC ya 1995. Riwaya ya Jane Austen, ya mwaka 1813, ina sura 61. Andrew Davies aliiandikia episodi sita, zaidi ya saa tano. Filamu ya 2005 ya Joe Wright ina kama saa mbili. Muziki wake mtamu, picha zake unaweza kutundika ukutani, Keira Knightley anachangamsha, lakini Wickham, yule ofisa mlaghai mwenye maneno matamu, anapita kama abiria wa daladala, na ukifika wakati wa kuumizwa na ulaghai wake hujapata hata muda wa kumwamini.

Ile ndefu niliitazama na shangazi yangu, ambaye Kiingereza chake ni cha kuokoteza, mimi nikimfasiria. Mimi nilikuwa nacheka kila Bi Bennet, mama wa mabinti wa hadithi hiyo, anapofungua mdomo, maana wengi tumefundishwa kumcheka: kelele, malalamiko ya mishipa ya fahamu, mabinti waolewe. Shangazi hakucheka. Alipoelewa kwamba nyumba na shamba vimefungwa kisheria viende kwa ndugu wa kiume wa mbali siku mzee akifumba macho, akaweka kikombe chini.

"Mabinti wangapi?"

"Watano, shangazi."

"Na hawapati kitu katika hiyo nyumba?"

"Hawapati."

"Basi mwanangu, mnamcheka bure. Mwenye akili humo ndani ni yeye. Huyo baba na vitabu vyake amefanya nini?"

Sisi ni Waislamu, kwetu binti ana fungu lake, nusu ya la kaka yake, na limeandikwa. Shangazi hakuweza kumeza kwamba wale mabwana waliojiona wastaarabu walimwachia binti patupu. Tangu siku hiyo siwezi tena kumtazama Bi Bennet kwa jicho la zamani, na nina shaka kama filamu ya saa mbili ingempa shangazi nafasi ya kufika huko.

Kuhusu Colin Firth, anayecheza Bwana Darcy, mwanamume mkuu wa tamthilia hiyo ya 1995, na shati lake maarufu lililolowa, ndiyo, limo, na halimo katika kitabu. Ni sekunde chache. Lina sifa kuliko uzito wake.

Ile filamu moja niliyosema naisamehe ni Sense and Sensibility ya 1995, iliyoongozwa na Ang Lee. Emma Thompson aliiandika na kucheza ndani yake, na uandishi huo ukampa Oscar. Tazama dakika za mwanzo tu. Baba amefariki, mali yote inakwenda kwa mtoto wa kiume wa mke wa kwanza, ambaye ameahidi kitandani kwa marehemu kuwasaidia dada zake. Anataka kuwapa pauni elfu tatu. Mkewe anaanza kumnong'oneza, kwa upole, kwa mahesabu, na safari nzima kiasi kinashuka na kushuka, kila punguzo lina sababu yake nzuri, hadi wanapofika hakijabaki kitu cha maana na mume anajiona mkarimu. Wifi wa aina hii tunaye katika kila kikao cha arobaini. Thompson alijua hasa nini cha kukata na nini cha kuacha, jambo ambalo waandishi wengi wa filamu hizi hawalijui.

Kwa mwenye subira kuna Bleak House ya 2005, nayo kaiandika Andrew Davies. Episodi 15, ya kwanza saa moja na nyingine nusu saa nusu saa. Mpango huo unafanana na Dickens mwenyewe, aliyeitoa riwaya hiyo kwa vipande vya kila mwezi kati ya 1852 na 1853 na kuwaacha wasomaji wakihesabu siku. Kesi ya mirathi imekaa mahakamani vizazi na vizazi, warithi wanazeeka wakiingoja, mawakili wananenepa. Mwenye ndugu aliyewahi kufungua faili la mirathi na kupigwa tarehe hataona kichekesho hata kimoja humo. Gillian Anderson anacheza bibi mkubwa mwenye siri, Charles Dance ni wakili anayeinusa siri hiyo, na ukiwaona katika chumba kimoja utapunguza sauti ya feni usikie vizuri. Yule Bessy wa kiwandani, Anna Maxwell Martin, ndiye Esther huku, msichana mhusika mkuu. Kasoro: kila tukio likibadilika kamera inaruka na kuvuma kwa sauti, fyuu, kana kwamba mtayarishaji aliogopa tutasinzia. Inaudhi. Unazoea kufikia episodi ya tatu.

Na kwa anayeuliza watu weusi wako wapi katika Uingereza hii yote, swali ambalo niliulizwa na mdogo wangu na ni la haki, mtafutie Belle ya 2013, iliyoongozwa na Amma Asante. Ni filamu, siyo riwaya ya kale. Inatokana na maisha ya Dido Elizabeth Belle, aliyezaliwa na mama Mwafrika mtumwa na baba ofisa wa jeshi la majini, akalelewa London kwa Lord Mansfield, jaji mkuu. Mapenzi yake yamewekwa sukari nyingi kuliko nitakavyo, lakini Gugu Mbatha-Raw anaibeba.

Mambo ya matumizi. Lugha ndiyo kikwazo cha kweli, na kwenye mabanda umiza wale jamaa wanaofasiri filamu za ngumi hawajazigusa hizi, pengine kwa sababu hakuna ngumi. Washa maandishi ya chini hata kama Kiingereza chako ni cha chuo, hasa kwa wafanyakazi wa Milton, lafudhi yao ni nzito. Bleak House ina majina mengi, kaa na karatasi kwa episodi mbili za mwanzo. Kwenye North & South usitoke kwenda jikoni wakati watu wamekaa kimya, maana ugomvi mkubwa humo unaanzia kwenye mkono ulionyooshwa usipokelewe.

Unaweza kuzitazama sebuleni na wakwe wakiwepo bila mtu kutafuta rimoti kwa haraka. Watoto nao waache wakae, ila kwenye Bleak House ikifika zamu ya mzee Krook, yule muuza vitu chakavu anayeteketea bila kuwashwa na mtu, wapeleke kulala kwanza.