Hoteli ya ufukweni Kigoma baada ya kufunga kiwanja chake cha helikopta

Wageni waliozoea kushuka kwa helikopta hatua chache tu kutoka chumbani sasa hutua Uwanja wa Ndege wa Kigoma, wakamalizia safari kwa gari au boti. Kiwanja kidogo cha hoteli kimefungwa kabisa, na kwa jinsi eneo lilivyo, ilikuwa lazima kifungwe. Tatizo ni namna kilivyofungwa.

Kilichokiua kiwanja hasa ni michikichi. Kwa viwanja vidogo vya aina hii, kipimo kinachotumika sana ni njia ya kuingilia kupanda mita 1 kwa kila mita 8 za umbali, bila kitu chochote kuchomoza juu ya mstari huo. Kwa hiyo mchikichi wa mita 20 unatakiwa uwe mita 160 kutoka ukingo wa eneo la kutua. Hapa safu ya kwanza haifiki hata nusu ya umbali huo, na nyuma ni kilima. Inabaki njia moja, ya ziwani. Kati ya Mei na Septemba, upepo wa kusini ukishika kasi, rubani hulazimika kuingia huku upepo ukimpiga ubavuni.

Joto nalo huongeza shida. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, lakini mchana wa nyuzi 30 hewa huwa nyepesi kiasi kwamba helikopta hufanya kazi kana kwamba iko karibu mita 1,500. Helikopta ndogo ya injini ya pistoni, ikiwa na watu wanne na mizigo, hubakiwa na nguvu chache mno za kuvuka miti.

Na kuna majirani. Upepo wa mapanga ya helikopta hutimua mchanga, na ufukwe unaofuata ndiko wanakoanika dagaa. Dagaa wakishaingia mchanga hawana mnunuzi. Hata kama miti isingekuwepo, hili pekee lingetosha.

Sasa kasoro. Tangazo la kufungwa limebandikwa mapokezi, ilhali rubani akiwa angani husoma ardhi. H nyeupe, alama ya kiwanja cha helikopta, bado inaonekana juu ya zege, na soksi ya upepo, mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unakoelekea, bado inapepea, kwa hiyo mgeni wa angani ataamini kiwanja kinafanya kazi. H inapaswa kufutwa; ikishindikana, ichorwe X kubwa ya manjano juu yake. Soksi ishushwe pamoja na nguzo yake, taa ziondolewe, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania ijulishwe. Rangi ya maji iliyopakwa pembeni mwa H haifai: msimu mmoja wa mvua ukipita, H itarudi. Ikwanguliwe au ifunikwe kwa rangi ya kuchorea barabara.

Mapipa ya lita 200 ya mafuta ya helikopta yamesimamishwa wima nyuma ya stoo. Maji ya mvua hutuama juu ya kifuniko, na pipa likipoa usiku huyavuta ndani kupitia kizibo. Yalazwe ubavu, vizibo viwili vikae usawa mmoja chini ya kiwango cha mafuta, hadi muuzaji ayachukue. Yasigawiwe mtu kama mafuta ya taa: petroli ya ndege kwenye kibatari hulipuka.

Boti iliyochukua nafasi ya helikopta ni nzuri kweli. Huondoka mapema kabla ziwa halijachafuka, na jaketi okozi zipo hadi za watoto. Beba mfuko laini badala ya sanduku gumu, na simu uifunge kwenye nailoni.

Tunatoa nyota tatu kati ya tano. Mbili zimekatwa kwa H ile na kwa kukosekana utaratibu wa dharura wa kumsafirisha mgonjwa sasa ambapo helikopta haitui. Kabla ya kulipia, uliza kama nahodha hulala hotelini, kama boti huwa na mafuta ya kutosha usiku, na nani atapiga simu Hospitali ya Maweni mgonjwa akiwa bado njiani.